Kabla Hujalipia Gari-Nyumba, Leta Watoto na Sufuria

Mwezi uliopita baba mmoja wa Rongai alikuja karakanani kwetu, Industrial Area, Nairobi, tunakogeuza van kuwa gari-nyumba, akiwa na picha kumi na nane kwenye simu. Zote za kampavani, yaani gari-nyumba. Taa za samawati chini ya makabati, kaunta inayong'aa kama ya hoteli, mito imepangwa kitandani utadhani kuna mgeni wa heshima anakuja. "Nataka kama hii," akasema, "na ilaze watu watano." Nikamwuliza watoto wana umri gani. Mvulana wa miaka kumi na miwili, msichana wa minane, na kitinda mimba wa mitatu. Nikamwambia arudi Jumamosi nao, mama yao, na ile sufuria wanayosongea ugali nyumbani.

Alidhani natania.

Jumamosi wakaja kweli. Uwanjani tulikuwa na van ndefu, Toyota Hiace, tuliyokuwa tumemaliza kumtengenezea mteja mwingine, mtu na mkewe na mtoto mmoja, na mwenyewe alituruhusu tuionyeshe. Tukawaingiza wote watano, tukafunga mlango, fundi akachukua mpira wa maji akaanza kumwagilia paa. Nikawaambia wakae humo dakika ishirini, kama vile mvua imewakuta Naivasha saa kumi jioni na hakuna pa kukimbilia. Dakika ya saba hivi mlango ukafunguka kidogo, mama mtu akatoa kichwa. "Fundi, humu hata kumbadilisha mtoto nguo siwezi mpaka baba yake asimame nje."

Baba yake alikuwa tayari ameshatoka kwa mlango wa dereva.

Wateja wengi hutuuliza gari linalaza watu wangapi. Mimi nauliza swali la pili: hao watu wakiwa macho, na nje hakukaliki, wanakaa wapi? Kulala ni rahisi. Ukitandika magodoro sakafuni, hata gari la matatu linalaza watu wanane. Shida ni ile saa moja ya mvua, mmoja anataka kuchora, mwingine ana njaa, mdogo anasinzia, na meza ndiyo hiyo hiyo kitanda. Kama kitanda cha mtoto ni lazima kitengenezwe kwa kuvunja meza ya chakula, basi mtoto akilala saa mbili usiku, wakubwa nao chakula kimekwisha. Familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano inahitaji angalau kitanda kimoja kisichokunjwa wala kugeuzwa. Kiwe kidogo, lakini kiwe pale pale siku zote.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo picha za simu huwadanganya watu. Hiace ya kawaida, hii ya matatu, ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Ile ndefu na pana ina mita 5.38 kwa 1.88. Huo ni upana wa nje. Ukitoa bati, povu la kuzuia joto na mbao za ukuta, ndani unabaki na kama mita 1.7. Mwanaume wa kimo cha kawaida hawezi kujinyoosha kwa upande, magoti yatabaki yamekunjwa usiku kucha. Inabidi alale kufuata urefu wa gari, na kitanda hicho kinameza karibu mita mbili za nafasi. Zilizobaki ugawane jiko, viti na watoto watatu. Ndiyo maana kwa familia ya watano sisi huwa tunashauri basi dogo la Toyota Coaster. Ile ndefu ina karibu mita 7 kwa zaidi ya mita 2 upana, kwa hiyo kitanda cha wazazi kinakaa nyuma kwa upande, mbele yake dabo deka kama ya bweni, na meza inabaki meza. Tatizo la Coaster ni mkia. Sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma ni ndefu, na ukishuka tuta la mtaani bila kupunguza mwendo utasikia bampa ikisugua lami. Wala usifikirie kuiingiza kwenye maegesho ya chini ya jengo hapa mjini. Hata Hiace ya paa refu, karibu mita 2.3, haipiti nyingi kati ya zile nondo za manjano za kupimia urefu.

Halafu kuna safari ya usiku ya kwenda chooni. Hii naipa uzito kuliko jiko. Lala kwenye kitanda cha wazazi, funga macho, kisha jaribu kufika chooni bila kumkanyaga mtu. Magari mengi niliyoona yamepangwa choo mbele na wazazi nyuma, na katikati kitanda cha watoto kimeziba njia yote. Utaniambia kambini kuna vyoo. Ni kweli, vipo. Lakini ukiwa kando ya Ziwa Naivasha, viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na njia ya kwenda kwenye choo cha kambi inaweza kuwa njia yao pia. Mtoto wa miaka minane aliyebanwa saa nane usiku anahitaji choo cha kubeba ndani ya gari, mahali anapofika peke yake bila kuwasha taa zote.

Hesabu pia viti vyenye mikanda, usiishie kwenye vitanda. Nimeona tangazo la gari "la watu sita" lenye mikanda mitatu, ikiwemo ya dereva. Tangu sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki, mwaka 2004, hata matatu hatupandi bila mkanda (au tuseme, hatupaswi). Na kiti kilichotazama ubavuni, hata kikiwa na mkanda, usimkalishe mtoto humo gari likiwa mwendoni. Kiti kitazame mbele, na mkanda ushikwe na chuma cha gari. Mkanda uliofungwa kwenye sanduku la mbao ni pambo.

Tukirudi kwa familia ya Rongai, ile sufuria ndiyo iliyomaliza ubishi. Kuweka sufuria ya ugali wa watu watano kwenye jiko la gesi la vichwa viwili, kichwa cha pili hakina nafasi hata ya kikaango cha mayai. Mama akashika mwiko, akaigiza kusonga. Jiko likasogea. Jiko lile lilikuwa limewekwa kwa skrubu nne fupi na silikoni, na mimi ndiye niliyeridhia, kwa sababu mwenye gari alisema wao ni watu wa chai na mkate. Kwa familia inayosonga ugali, jiko linafungwa kwa bolti zinazopita hadi chini ya kaunta, na kaunta yenyewe inashikwa ukutani. Tangu siku hiyo mwiko mmoja unaning'inia ofisini kwetu. Kila gari linapimwa nao kabla halijatoka.

Hapo ndipo tunafika kwenye uimara, na hapa nitasema makosa yetu wenyewe. Gari la kwanza tulilotengeneza kwa familia, makabati ya juu tuliyajenga kwa chipubodi, zile mbao za chenga zilizogandishwa kwa gundi, kwa sababu ilikuwa nyepesi kwa mfuko na ilipakika rangi vizuri. Mwenyewe akaenda Mara siku nne. Aliporudi, kabati la juu lilikuwa limekaa kitandani. Bawaba zilikuwa zimetoka pamoja na skrubu zake, na kila skrubu imebeba kipande cha mbao kilichosagika kama unga wa uji. Hakuna kilichovunjika kwa kishindo. Barabara ya makunyanzi haivunji kitu kwa pigo moja, inatikisa kidogo kidogo kwa saa nyingi mpaka kila tundu linalegea. Tulimtengenezea upya bila malipo, na tangu hapo chipubodi haingii mlangoni kwetu.

Siku hizi tunatumia marine bodi, plaiwudi isiyoogopa maji, ya milimita 12. Watu hufikiri mbao nene ndiyo imara. Bamba zima la MDF, mbao ya unga ulioshindiliwa, la milimita 18 lina uzito wa karibu kilo 40, wakati marine bodi ya milimita 12 ya ukubwa ule ule ni kama kilo 20. Ukitumia mabamba kumi, tofauti hiyo ni kama kubeba watu wazima watatu ambao hawachangii mafuta. Kinacholeta uimara ni maungio, gundi pamoja na skrubu, na kila kabati kufungwa kwa bolti kwenye mbavu za chuma za bodi ya gari, siyo kwenye ukuta wa mbao.

Wewe mteja huna haja ya kujua ufundi huo wote. Shika kabati la juu kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu. Gari zima likiyumba kwenye springi zake, nunua. Kabati likiyumba peke yake, mshukuru mwenye gari na uondoke. Kisha vuta droo moja uitoe kabisa, uingize simu pale ndani upige picha. Nyuma ya droo fundi hakutarajia mgeni. Utaona waya zilizounganishwa kwa tepu nyeusi, au zinazopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kuzuia kukatwa. Betri iwe na fyuzi yake karibu kabisa, siyo upande wa pili wa gari. Mtungi wa gesi uwe kwenye sanduku lake lililozibwa lisiingize gesi ndani, lenye tundu la kutokea nje chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na huzama sakafuni. Sanduku lenye tundu juu tu limetengenezwa na mtu asiyejua hilo.

Sola ni sehemu rahisi kwa nchi yetu. Tuko karibu na ikweta, paneli ikilala bapa juu ya paa inakula jua vizuri, na hakuna haja ya kununua vyuma vya kuiinamisha.

Wako wanaotaka kuagiza gari lililotengenezwa kiwandani Ulaya, kupitia Uingereza kwa sababu usukani uko kulia. Si wazo baya, na mpangilio wa ndani mara nyingi umefikiriwa kuliko wetu. Soketi za umeme za Uingereza ni kama zetu. Lakini angalia mambo haya. Gari lisizidi miaka minane, la sivyo haliingii nchini. Mlango wa kuingilia nyumbani uko upande gani? Mengi hutengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, usukani ndio unaohamishwa, mlango unabaki pale pale, na hapa kwetu mtoto atashukia upande wa magari yanayopita. Uliza kama regyuleta ya gesi, kile kifaa cha kupunguza presha, itafungika kwenye mtungi wa Kenya. Na bonyeza kuta za ndani kwa kidole gumba, hasa kwenye pembe, chini ya madirisha na kuzunguka tundu la paa. Kuta hizo ni tabaka za ngozi nyembamba na povu katikati, mengine yakiwa na fremu ya mbao ndani, na maji yakipenya mbao huoza bila mtu kuona kwa miaka. Pakibonyea kama mkate uliolowa, hakuna fundi wa Nairobi atakayekurekebishia kwa bei utakayoipenda. Sisi wenyewe tumekataa mawili.

Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo 13, ambao ukijaa na chuma chake unazidi kilo 25, watu watano, magodoro, friji, chakula cha siku nne na ile baiskeli ambayo hakuna aliyekubali iachwe. Kila gari lina kibati kinachosema uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari lenyewe pamoja na mzigo wake, na muuzaji akuonyeshe. Muulize pia tangi liko wapi. Likiwekwa nyuma kabisa kwenye mkia, linanyanyua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi, na hutaki kulijua hilo ukiwa unateremka Mai Mahiu na lori nyuma yako. Sisi huliweka chini, kati ya ekseli mbili.

Vumbi nalo huingilia nyuma, kwa sababu gari likienda kasi hewa ya nyuma yake huvuta. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umepasuka, unga mwekundu utaukuta hadi ndani ya mito. Weka karatasi kwenye mlango, funga, uivute. Ikitoka bila kukamatwa, mpira umekwisha. Na neti za mbu kwenye kila dirisha, tafadhali. Hilo halihitaji maelezo kwa aliyewahi kulala Baringo.

Kuhusu karatasi, van ya abiria ikigeuzwa kuwa nyumba, lazima ikaguliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na logbook, ile hati ya usajili wa gari, ibadilishwe ifanane na gari lenyewe. Mwambie mtu wa bima mapema, kabla ya kazi kuanza.

Yule baba wa Rongai aliacha ile Hiace. Tumekubaliana Coaster, dabo deka kushoto, kitanda cha kitinda mimba chini ya kile cha dada yake, na kitanda cha kaka yao tumekipa mita 1.9, maana ana miaka kumi na miwili na viatu vya baba yake vinamtosha. Taa za samawati chini ya kabati bado anazitaka. Tutamwekea.

Jumamosi tunafungua saa tatu asubuhi. Mpira wa maji tunao, sufuria mje nayo.