Nyasi ndizo zilizojaza meli

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya vita ya 1914–1918 inasema kwamba risasi na makombora ndiyo yaliyojaza meli za Waingereza kwenda Ufaransa. Sisi tunaouza majani ya mifugo hapa Goma tunaomba msahihishe. Chakula cha wanyama, yaani nyasi kavu na nafaka ya oti, kilipita tani 5,400,000. Risasi na makombora yalikuwa kama tani 5,250,000.

Farasi mmoja alipewa kwa siku karibu kilo 5.4 za oti na kilo 4.5 za nyasi kavu. Farasi 1,000 wanamaliza tani 10 kila siku, hata siku ambayo hakuna anayepiga risasi. Mzinga ukinyamaza hauli.

Shida kubwa kuliko uzito ni nafasi. Nyasi zisizoshindiliwa hazifiki hata kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo meli inajaa ikiwa bado nyepesi. Ndiyo sababu zilishindiliwa kwa mashine na kufungwa marobota kwa waya; wanawake wa Women's Forage Corps, kikosi cha wanawake cha chakula cha wanyama wa jeshi, walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo Uingereza.

Lakini robota lililoshindiliwa nyasi zikiwa bado mbichi ni hatari. Unyevu ukizidi asilimia 20, vijidudu huanza kazi na joto hupanda ndani. Likipita nyuzi 70, moto unaweza kuwaka wenyewe, sembuse ndani ya tumbo la meli! Anayejua kununua haangalii rangi ya nje. Anachagua robota la katikati ya rundo, anakata waya, anaingiza mkono, ananusa. Harufu ya tumbaku ina maana nyasi zimekwisha kupata joto kali kwa ndani. Vumbi jeupe ni ukungu, na farasi akilivuta anakohoa mpaka anakosa pumzi. Robota zito kuliko wenzake wa ukubwa uleule lirudishwe: uzito huo ni maji.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Mbung'o hueneza ugonjwa unaoua farasi, basi mwaka 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilitoka Kivu ikafika Tabora kwa migongo ya wapagazi. Nao walikula. Mwenye mzigo wa kilo 25 akila kilo moja kwa siku, safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi inamaliza karibu mzigo wote. Hesabu hiyo nayo tunaomba muichapishe.

Wauza majani ya mifugo,
Goma