Sproketi ya Pangani si ya Lushoto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wanaoendesha, na hasa wanaonunua, zile pikipiki ndefu za lami na vumbi ambazo hapa mkoani Tanga hutumiwa na maofisa ugani, wahudumu wa afya, walinzi wa misitu na wafanyabiashara wa iliki na machungwa. Mara nyingi hununuliwa kwa mkupuo, zikagawiwa vituo vya pwani na vya milimani, na zote zikabaki na sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni, moja mbele na moja nyuma) zenye meno yale yale yaliyotoka kiwandani. Matokeo yake huishia gereji: huku klachi zimeungua, kule injini inapiga kelele gia ya mwisho kwa sababu muuza duka alimfungia mtu sproketi kubwa ya nyuma akimwambia ndiyo "yenye nguvu".

Sproketi haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Kazi yake ni kuamua nguvu iliyopo itumike kuvuta au kukimbia. Hesabu ni nyepesi: gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Nyuma 45, mbele 15, unapata 3. Namba hiyo ikipanda, mvuto unaongezeka na mwendo unapungua. Ukitoa 15 mbele ukafunga 14, unapata 3.21, yaani mvuto umeongezeka kwa asilimia 7, na pale ambapo injini ilikupa kilomita 80 kwa saa, kwa mizunguko ile ile sasa itakupa chini kidogo ya 75. Kuyapata hayo kwa kubadili nyuma peke yake, utoke meno 45 uende 48. Kwa hiyo jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, na anayepunguza meno mawili mbele kwa siku moja "ili ipande vizuri" amebadilisha pikipiki yake kuliko anavyodhani.

Tunawasihi pia watu waache kuiga namba za pikipiki nyingine. Suzuki DR650 hutoka kiwandani na 15 mbele kwa 42 nyuma, Honda CRF250L na 14 kwa 40, Yamaha WR250R na 13 kwa 43, na Yamaha TW200 na 14 kwa 50. Ukizisoma hivi hivi utadhani TW200 ndiyo inayopanda kuliko zote. Sivyo. Kabla nguvu haijafika kwenye cheni imeshapita gia za klachi na gia za boksi, na kila kiwanda kina hesabu yake humo ndani. Halafu kuna ukubwa wa tairi. Linganisha pikipiki yako na yenyewe tu, ilivyokuwa jana na itakavyokuwa kesho. Na ukitoka tairi ya 4.10-18 ukavaa 4.60-18, tairi imekua kimo kwa takriban asilimia 4, umekwishapoteza mvuto wa kama nusu ya jino la mbele bila kugusa sproketi.

Wengi huanza kuchagua kwa kuuliza itakimbia ngapi. Sisi tunashauri uanze na gia ya kwanza. Pakia mzigo wako wa kawaida, si wa siku ya sherehe, nenda kwenye mlima mkali kuliko yote unaopanda kila wiki, simama katikati, kisha ondoka. Klachi ikiachiwa yote ndani ya mita mbili tatu na injini ikaendelea kuvuta bila kugugumia, gia zako zinatosha na huna haja ya kununua chochote. Ukilazimika kuishikilia klachi nusu nusu huku umevuta mafuta mpaka mlima uishe, hapo sahani za klachi zinaungua, oili inachemka, na jino moja la mbele lipungue. Jaribio la pili ni la barabara tambarare, tuseme Muheza kwenda Segera: gia ya mwisho ikishindwa kubeba mzigo dhidi ya upepo ukarudi ya nne kila mara, gia hiyo ilikuwa ndefu mno, yaani ya mwendo kuliko mvuto, tangu mwanzo, na kupunguza jino hakutakupotezea mwendo wowote wa kweli, kwa sababu mwendo huo hukuwa nao.

Milimani kuna jambo jingine linalosahaulika. Injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa inapungua. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda takriban kiasi hicho. Pikipiki inayotosheleza kwa shida pale chini, juu itakuwa imepungukiwa kabla hujaongeza gunia. Ndiyo maana kwa Lushoto, Bumbuli na njia ya Amani tunasema bila kusita: punguza jino moja mbele. Kwa Pangani kuelekea Mkwaja na Saadani, mchanga nao unataka mvuto, lakini kwa sababu tofauti. Mchangani ukibadilisha gia mwendo unakatika na gurudumu linazama, hivyo unahitaji gia ya pili inayovuta moja kwa moja. Mwenye mzigo apunguze jino, asiye na mzigo aache. Kwa anayeshinda kwenye lami ya Tanga mjini na Muheza, meno ya kiwandani ndiyo sahihi, na kuongeza jino mbele kunafaa tu kama gia ya mwisho inavuta yenyewe hata upepo wa kusi ukiwa usoni.

Kwa nini tunapenda kuanza mbele? Bei yake ni ndogo, na kwenye pikipiki nyingi ndogo imeshikwa na kibati na bolti mbili, kazi isiyofika nusu saa. Hata hivyo ina mipaka. Kutoka 15 hadi 14, mkazo wa cheni unaongezeka kwa asilimia 7. Ukifika 13 ni asilimia 15. Cheni nayo inajikunja zaidi kila inapozunguka duara dogo, na inashuka karibu na ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ikisaga raba yake. Kama pikipiki ilitoka kiwandani na 15, usishuke chini ya 13. Ukihitaji mvuto zaidi ya hapo, sasa ongeza nyuma.

Cheni ya 428 pingili yake ni milimita 12.7. Kila jino moja unaloongeza au kupunguza linasogeza ekseli ya nyuma kwa kama milimita 3.2. Ukiongeza meno matatu nyuma, gurudumu litakuja mbele karibu sentimita moja. Kama ekseli imeshakaa mwanzo wa nafasi yake, cheni haitafika, na utalazimika kununua yenye pingili mbili zaidi, kwa kuwa pingili huongezwa mbili mbili.

Dukani nenda na sproketi ya zamani mkononi. Meno peke yake hayatoshi: ya mbele ilingane mifereji ya shafti, ya nyuma ilingane tundu la katikati na idadi ya bolti. Namba ya cheni isome kwenye pingili. Cheni za 420 na 428 zina urefu ule ule wa pingili ila upana tofauti, hivyo ya 420 haitaingia kwenye sproketi ya 428, na ya 428 kwenye sproketi ya 420 itacheza kushoto na kulia. Sproketi ya nyuma ya aluminiamu iacheni. Ni nyepesi, lakini mchanga wa huku unaila haraka, chuma kinadumu.

Usifunge sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha. Pima pingili 40 zikiwa zimenyooshwa: mpya ya 428 ina milimita 508. Ikikaribia 518, imevutika kwa asilimia 2, nayo itapanda juu ya meno mapya na kuyachonga yawe ndoano. Hapo badilisha vyote vitatu, cheni na sproketi zote mbili. Klipu ya cheni, upande uliozibwa utazame cheni inakokwenda. Ikiwa kinyume, jiwe moja tu linaichomoa.

Kosa linaloharibu pesa nyingi ni kukaza cheni kupita kiasi. Pikipiki hizi zina shokomzoba ndefu, na cheni hukaza kuliko popote pale shafti ya sproketi ya mbele, pini ya mkono wa nyuma na ekseli vikikaa kwenye mstari mmoja. Waketi watu wawili mpaka vifike hapo, kisha shika cheni kwa chini; lazima bado icheze kama sentimita moja. Isipocheza, shimo la kwanza litakaloikuta litaharibu beringi ya shafti na sili yake, oili itaanza kutoka nyuma ya sproketi, na hapo injini inapasuliwa.

Chumvi ya pwani inataka cheni ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ipakwe oili ya gia namba 90 na kufutwa. Petroli inaharibu oringi, vile vipete vya raba vilivyomo kwenye baadhi ya cheni. Grisi nzito ikikutana na mchanga inakuwa msasa.

Ombi letu kwa ofisi zinazonunua pikipiki hizi ni dogo. Kila pikipiki iagizwe pamoja na sproketi mbili za ziada za mbele, moja pungufu ya kiwandani kwa jino moja na nyingine zaidi kwa jino moja. Meno yaliyofungwa yaandikwe kwenye kadi ya matengenezo. Na ofisa akihamishwa kutoka Pangani kwenda Lushoto na pikipiki yake, sproketi ya mbele ibadilishwe kabla hajaondoka, kazi hiyo isisubiri klachi iungue.

Mafundi wa pikipiki,
Tanga.