Ukubwa wa tetemeko pekee hautuambii kitu

Mhariri,

Kila tetemeko linapotokea baharini, habari zenu hutupa namba moja tu: ukubwa wake. Kwa sisi wa mwambao, namba hiyo haitoshi.

Aprili 11, 2012 tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilipiga magharibi ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Tahadhari zikatolewa kote Bahari ya Hindi, lakini mawimbi yakawa madogo. Miamba ilisogea kwa ubavu, ikapishana kama watu kwenye uchochoro wa Lamu, na sakafu ya bahari haikuinuka sana. Lile la Desemba 26, 2004 lilikuwa kubwa zaidi, 9.1, ila tofauti haikuwa ukubwa tu. Bamba moja, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, lilichupa juu ya jingine, mpasuko wa miamba ukakimbia kuelekea kaskazini takriban kilomita 1,300, na bahari yote iliyokuwa juu yake ikasukumwa. Kwa vile mpasuko ulilala kaskazini-kusini, nguvu kubwa ya mawimbi ilielekea mashariki na magharibi. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Tanzania na Kenya nazo zilizika.

Sisemi watu wapuuze tahadhari. Lakini aina ya mpasuko hujulikana siku hizi katika muda wa nusu saa hivi, na mawimbi ya 2004 yalichukua karibu saa saba au zaidi kutufikia. Waandishi wenu waulize idara ya hali ya hewa swali moja la ziada: ardhi imeinuka, au imepishana?

Msomaji wenu,
Mombasa