Pesa ya Januari Ililiwa na Gesi

Leicester, Uingereza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na baba umfikishie shikamoo yake.

Uliponiuliza kwenye simu mbona pesa ya Januari ilikuja pungufu, nilibabaika, nikasingizia kodi ya nyumba. Ukweli ililiwa na gesi. Huku nyumba hupashwa moto na boila: linapasha maji moto, nayo yanazunguka kwenye hita za chuma za ukutani, chumba hadi chumba. Mita yangu ni ya kulipia kabla, sawa na luku yenu, na baridi ilipokaza nikawa mtu wa kwenda dukani kuijaza kila baada ya siku mbili.

Aliyeniokoa ni bibi jirani, Mhindi wa Jinja, katika wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Alikuja kuniletea chapati, akagusa hita, akautoa mkono mbio. "Hii moto ya kuchoma watu ya nini?" Akaingia jikoni, akazungusha kitufe cha boila, kile cha joto la maji ya hita, kutoka nyuzi 80 hadi 60.

Nikajua usiku ule tutaganda. Wapi! Vyumba vinachelewa tu kushika joto. Moshi wa boila una mvuke mwingi; maji yakirudi yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unageuka matone humo humo ndani na joto lake linabaki, kama yale matone ya kifuniko cha sufuria ya wali. Kibomba cha nje kilichokuwa kikavu sasa kinadondosha maji kutwa. (Langu halina tangi la maji ya moto. Mwenye tangi asishushe maji yake chini ya 60, yanaota vijidudu.)

Chini ya mlango nimesokomeza ile kanga yako ya zamani. Unisamehe, upepo wa huku unapita hata tundu la ufunguo.

Sasa kiyoyozi cha baba. Kabla hamjaniomba tena ya luku, Hamisi apande kigoda, achomoe kile kichujio, akioshe na kukianika kivulini. Kikiziba vumbi, mashine inahangaika bure. Na lile dirisha la luva halifungi. Mnapoza mtaa mzima wa Ngamiani! Azibe, aweke 26, feni isaidie.

Aniandikie uniti za wiki hii na za wiki ijayo, nilinganishe. Ile pungufu ya Januari nimeituma leo, pamoja na ya Februari.

Mwanao,
Zuhura