Picha ile ya tishari

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salaam aleikum. Najua umeninunia, na haki unayo. Simu zako nikiziona nasema nitapiga jioni, na jioni zimepita miezi minane. Nisamehe. Huku wazima, mgongo wa mama ni ule ule, na Bi Kiti kaolewa tena. Ndiyo, tena! Hayo tutayasema tukikutana.

Nina shida na ile picha, baba yangu na baba yako wamesimama juu ya tishari, baba yako kajifunga kanga ya mama kichwani. Juzi tumekaa ufukweni Raskazone na mwanangu Shekhe, nikataja matishari, akaniuliza, "Mama, tishari ndiyo nini?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Mbele yetu meli imefunga gati, ndefu kama mtaa, inapakua. Tangu wachimbe kina kufika mita 13 haingoji tena huko nje. Kumweleza mtoto kwamba babu zake walikuwa wakiifuata meli baharini, tishari, lile chombo bapa la mizigo, linakokotwa na boti ya tagi, mzigo ushuke kule kisha ushuke tena gatini, anaona namtolea hadithi za Abunuwasi.

Wala sisemi ilikuwa raha. Unakumbuka nyuzi za mkonge zilivyokuwa zikimwingia baba vidoleni? Mama anamkalisha karibu na chemli, anazing'oa moja moja kwa kibano, naye anapiga kelele kama mtoto anayetahiriwa. Kuli mzima!

Kinachonichoma, Shekhe mkonge anaujua. Shuleni kafundishwa Mjerumani Hindorf, 1893, miche 1,000 ilisafirishwa ikafika hai 62, na mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga. Sitini na miwili ikazaa mashamba yote yale, na mimi mchicha tu unanifia! Basi mtoto anamjua Hindorf, na aliyekuwa akiyabeba marobota hamjui. Ndiyo maana naitaka picha. Usiitoe kwenye fremu, itachanika. Ipige kwa simu, dirishani, kioo kisimeteke.

Halafu ukija Chongoleani utapotea. Bomba la mafuta la kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale pale tulipokuwa tukienda kuokota... lakini wewe huji, nakueleza ya nini?

Picha iko kwako au kwa kaka yako? Nyuma pameandikwa mwaka? Na yule wa tatu, aliyekatwa kichwa na mpiga picha, ni nani: Mzee Kombo au yule mwenye baiskeli? Mama anasema Kombo, mimi naona miguu si yake. Mguu wako umepona? Na utakuja lini, ukae, si ile waja leo waondoka leo?

Nijibu hata kwa matusi.

Wako,
Zuhura