Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: RIPOTI ZA WANAFUNZI NA ALAMA ZA HISABATI

Shule imefungwa leo. Ripoti ziko ndani ya bahasha. Tafadhali hakikisheni zinawafikia kabla hazijafunguliwa.

Baadhi yenu mtakuta F ya Hisabati, yaani alama chini ya 30, hasa Kidato cha Pili. Safari hii madawati yalitenganishwa, karatasi zikasahihishwa na walimu wa mikondo mingine, na hakuna alama iliyoongezwa ili darasa lipendeze. Wapo walionipigia simu wakiomba mtoto "asogezwe kidogo". Hakusogezwa mtu. Mwalimu akipewa alama ya uongo, atajuaje aanzie wapi kumsaidia mtoto?

Binti mmoja alirudishiwa karatasi yake ikiwa na 32. Akahesabu upya, akakuta 28, akaenda mwenyewe ofisi ya walimu. D ikageuka F. Mwalimu, kwa huruma, alitaka kumwachia ile 32, binti akakataa. Mzazi wake akisoma hapa atamtambua. Nakuomba, mzazi mwenzangu, usimpokee kwa fimbo. Sijaona ripoti nyingine muhula huu iliyonifurahisha kama ile.

Mnakumbuka matokeo ya Kidato cha Nne yaliyotangazwa Januari 2023. Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya watahiniwa 337: 333 kwa udanganyifu, wanne kwa kuandika matusi (hao wanne sijui niwaseme vipi). Siku hiyohiyo Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora. Kwa maoni yangu lilichelewa, maana mashindano yale yalitufanya hata sisi wakuu wa shule tuiogope F kuliko wizi wa mtihani.

Nyumbani, kaeni na mtoto muulizane ni swali lipi lilimshinda na kwa nini. Habari za mtoto wa jirani ziacheni kwa jirani.

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ni Novemba, na asiyefaulu hukariri darasa, kwa hiyo muda upo ila si mwingi. Tukifungua, kutakuwa na kipindi cha ziada cha Hisabati Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri, bila malipo. Waje na karatasi zao za mtihani. Msiziache zikafungia maandazi.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule