Barua kwa Athumani: kiwanja cha ng'ambo ya korongo

San Diego, California
Jumapili usiku

Swahiba wangu Athumani,

Salamu nyingi, na natumai barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu, na yule kitinda mimba bado anauliza lini "ami mwenye mashua" atampigia simu. Najua hukuwa na mashua hata siku moja. Mimi ndiye niliyemdanganya, kwa hiyo ukipiga usiniumbue.

Zile sauti zako nne nilizisikiliza kazini, moja moja, kila nilipopata nafasi ya kuegesha toroli la mashuka. Nilivyoelewa ni hivi: bodi ya shule imepitisha madarasa mapya yajengwe kwenye kiwanja cha ng'ambo ya korongo, ilhali kuna kiwanja karibu na msikiti ambacho watoto hufika kwa miguu bila kuvuka maji. Aliyeuza kile cha ng'ambo unamshuku. Kisha ukamalizia kwa ile sauti yako ya kutafuta ugomvi: "Huko kwenu, mlipa kodi anaweza kuishtaki bodi ya shule kwa sababu ya kiwanja tu?"

Anaweza, na si jambo la jana. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka kaunti ya Hudson, jimbo la New Jersey. Baraza la kaunti lilikuwa limenunua ardhi ya kujengea mahakama pasipo kuwa na fedha zilizotengwa kwa mujibu wa sheria. Walipa kodi wakaenda kortini, nao majaji wakasema haki hiyo haina tena ubishi: mkazi anayelipa kodi anaweza kuomba fedha za kaunti yake zisitumike kinyume cha sheria, maana deni likija litamwangukia yeye. Kwa serikali kuu ya Washington mambo ni mengine. Mwaka 1923 mahakama hiyohiyo ilisema fungu la mtu mmoja kati ya mamilioni ni dogo mno kumpa haki ya kushtaki. Kwa mji, kaunti au wilaya ya shule (yaani mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma), mlango ulibaki wazi.

Hapa California kuna sheria ya mwaka 1909 inayomruhusu mlipa kodi kuomba zuio la mahakama dhidi ya matumizi haramu au ubadhirifu wa fedha za umma, na wilaya za shule zimo. Ila kwa miaka mingi korti nyingi ziliisoma kana kwamba mlipa kodi ni mwenye nyumba tu, yule anayelipa kodi ya majengo moja kwa moja. Mpangaji kama mimi? Kaa pembeni.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi. Kwa Kiswahili, Athumani, mimi ni mlipa kodi mara mbili: nalipa kodi kwa serikali na nalipa kodi kwa mwenye nyumba, na neno ni lilelile. Wazee wetu walishaona kuwa mpangaji ndiye anayelipa yote, kwa sababu mwenye nyumba akiongezewa kodi, mwezi unaofuata anaiongeza kwenye yako. Majaji wa California walifika hapo mwaka 2017, katika kesi ya mwanamke mmoja mpangaji wa mji wa San Rafael. Kesi yenyewe ilihusu magari yanayoshikiliwa na polisi, si shule, lakini walisema si lazima uwe unalipa kodi ya majengo ndipo usikilizwe. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa. Sasa imetaja waziwazi hata kodi unayokatwa dukani ukinunua kitu, na ile ya majengo inayopita mkononi mwa mwenye nyumba, mradi umeilipa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi. Kwa hesabu hiyo, viatu vya shule nilivyonunua mwezi uliopita vinaniweka mbele ya hakimu.

Sasa usikimbie kutafuta wakili. Kuingia mlangoni ni jambo moja, kushinda ni jingine. Jaji wa huku hakuulizi kiwanja kipi ni bora. Hilo, atakwambia, ni kazi ya bodi uliyoipigia kura. Usipoipenda, uchaguzi unakuja. Kesi za miaka mingi, jimbo baada ya jimbo, zimekwenda hivyo: bodi ina hiari ya kuchagua mahali pa kujenga, na korti haitaigusa hiari hiyo ila pakionekana hila, pakiwa na uvunjaji wa sheria, au uamuzi ukiwa wa kiholela kiasi kwamba hauna sababu yoyote. Kuchagua vibaya, basi, si kosa la kisheria. Hata halmashauri za miji zimewahi kugonga ukuta huo. Mwaka 1958 mji mdogo wa Atherton ulitaka kuzuia shule isijengwe kwenye eneo la makazi, ukaambiwa sheria zake za mipango miji haziifungi wilaya ya shule. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka nafasi ya katikati: wilaya ifuate mipango ya mji, lakini theluthi mbili ya wajumbe wa bodi wakitaka, waweza kuiruka kwa ajili ya madarasa.

Na bodi huchagua vibaya kweli. Kule Los Angeles waliamua kujenga sekondari kubwa karibu na katikati ya jiji, juu ya eneo lililochimbwa mafuta tangu miaka ya 1890. Ujenzi ulianza 1997. Chini kukawa na gesi ya methani na ile nyingine inayonuka kama yai viza. Mwaka 2000 bodi ikasimamisha kazi majengo yakiwa yamesimama tayari. Baadaye wakataka kuendelea, na mwaka 2002 ikagundulika kuna ufa wa tetemeko ardhini. Majengo mawili yakabomolewa. Shule ilifunguliwa 2008, ikiwa imekula zaidi ya dola milioni 300. Nimekuandikia habari hii ili utakapoambiwa "wataalamu wameshaangalia", uombe kuiona karatasi ya wataalamu yenyewe. Tangu kisa kile, kiwanja kipya cha shule hapa California kinachotaka fedha za jimbo hupitia kwanza kwa idara inayosimamia sumu.

Kesi iliyonifunza zaidi ilitokea hapahapa, nusu saa kwa miguu kutoka ninapoishi. Mtaa wetu, City Heights, ndio wa wakimbizi na wahamiaji: Wasomali, Wakongo, Warundi, Wavietinamu, Wameksiko. Ukisimama dukani Jumamosi utasikia Kiswahili cha Bukavu kikibishana bei na Kiswahili cha Kakuma. Sekondari ya Hoover iko humu. Novemba 2008 wapiga kura wa San Diego walikubali wilaya ya shule ikope dola bilioni 2.1 kwa bondi, ikarabati shule zake. Bondi ya namna hiyo hupita kwa asilimia 55 ya kura, badala ya theluthi mbili iliyodaiwa zamani, lakini kwa masharti. Lazima kuwe na orodha ya miradi mahususi, na lazima iundwe kamati ya wananchi ya kukagua matumizi, yenye watu wasiopungua saba, na kiti kimoja kimewekwa kwa ajili ya mtu wa chama cha walipa kodi.

Wilaya ikaamua kutumia sehemu ya fedha hizo kuweka taa za nguzo ndefu kwenye uwanja wa michezo wa Hoover, ili mechi zichezwe usiku. Majirani wakaunda kundi la walipa kodi, wakashtaki. Mahakama ya chini ikawakatalia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi kwa mambo mawili makubwa. La kwanza: orodha waliyopigia kura wananchi haikutaja taa za uwanja kwa Hoover. Orodha ilikuwa ndefu, ina marekebisho ya kila aina, lakini taa hizo hazimo. Na kisichomo hakilipwi kwa bondi hiyo. La pili: wilaya ilikuwa imesema mradi hautaleta athari kubwa, kwa hiyo haikuandaa ripoti kamili ya athari kwa mazingira. Lakini wakazi walikuwa wameeleza jinsi magari yanavyojaa mitaani kwao siku za mechi, na korti ikasema maneno ya mtu anayekaa pale na kuona kwa macho yake ni ushahidi. Hapo nilisimamisha kusoma. Si injinia, si profesa. Ni mtu aliyekosa pa kuegesha gari lake.

Nikuambie kweli, moyo wangu haukuwa upande wao. Mechi ya saa tisa mchana, nani kati yetu huiona? Saa tisa mimi nimelala ili niamke zamu ya usiku, na mke wangu yuko kazini. Taa zingewapa wazazi wa mtaa huu nafasi ya kumwona mtoto wao akicheza angalau mara moja. Sisi nasi tulikuwa walipa kodi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila hatukuwahi kuunda kundi wala kwenda kikaoni. Wenzetu walikuwa na jioni zao. Hata hivyo nimeisoma hukumu ile mara mbili nikitafuta pa kuipinga, sikupapata. Uliwaambia watu fedha zao zitafanya hiki, ukafanya kile. Hapo hakuna la kujitetea.

Baada ya hapo nilijikokota siku moja hadi kwenye kikao cha bodi, maana sheria inawataka wabandike ajenda saa 72 kabla na wampe mwananchi nafasi ya kusema. Nilipewa dakika chache. Kiingereza kilinikimbia katikati, nikamaliza kwa kusema asante mara tatu. Lakini jina langu limo kwenye kumbukumbu za kikao, na nimejifunza kwamba kesi nyingi hushinda au hushindwa hapo, kwenye karatasi zile, miezi kabla mtu hajamwona wakili.

Turudi kwenye korongo lako. Kwa mlango wa kuingilia, wewe una bahati kuliko mimi. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 258, inampa kila mtu haki ya kwenda kortini kudai kwamba Katiba imevunjwa, hata kwa niaba ya umma. Huulizwi risiti ya kodi. Ibara ya 70 inasema anayelalamikia haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara. Na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Malindi, nauli ya matatu tu. Lakini usidhani jaji wa Malindi atapenda kuamka asubuhi akachagua kiwanja cha shule kuliko mwenzake wa California. Ukienda kumwambia "cha msikitini ni kizuri zaidi", atakurudisha nyumbani.

Kwa hiyo acha kwanza habari ya uzuri. Nataka unitafutie haya. Kikao kilichopitisha kiwanja kilikaa lini, akidi ilitimia, na wazazi waliitwa kwa njia gani? Fedha za madarasa, ziwe za CDF (mfuko wa maendeleo ya jimbo la ubunge) au za wizara, ziliandikwa kwa mradi upi na mahali gani? Kama karatasi ya fedha inataja shule ilipo sasa na ujenzi unahamia ng'ambo, hapo una kitu mkononi. Hati ya kiwanja ina jina la nani, na kuna mjumbe wa bodi aliye na udugu naye? NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wameona lolote? Ukinyimwa, andika barua ya kuomba taarifa kwa ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Iandike kwa upole. Ami yako mwenyekiti wa bodi ni mtu wa kununa, na Idd mtasali naye safu moja.

Halafu masika yakianza, nenda korongoni saa moja asubuhi na simu yako. Piga picha maji yanapomfika mtoto wa darasa la kwanza, siku baada ya siku, na tarehe zionekane. Bi Mkubwa anakaa palepale miaka yote. Mwombe akusimulie maji yalivyokuwa, uandike kwa maneno yake, naye atie kidole gumba.

Ukiona kila kitu kilifuatwa na muuzaji ni mtu safi, niambie pia. Hapo tutachangishana daraja la miguu, na mimi nitatoa bati na mbao za mwanzo. Lakini hela ya wakili uliyoitaja sitaituma kabla sijaona kumbukumbu za kile kikao. Zipige picha ukurasa kwa ukurasa, na safari hii usikate pembeni kama ulivyofanya kwenye hati ya shamba la marehemu baba.

Msalimie Bi Mkubwa, mwambie shati la mjukuu limemtosha, ila mikono mirefu.

Wasalaam,
Swahiba wako wa ng'ambo ya bahari